Makofi Yale Tuliyapigia Bomba

Risala ya wakazi wa mtaa wa bondeni kwa mgeni rasmi, siku ya kuweka jiwe la msingi la visima vipya vya maji vya jiji

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, Mstahiki Meya, Mkurugenzi wa Mamlaka ya Maji pamoja na wahandisi wako, mtendaji wetu wa mtaa, mabibi na mabwana, majirani:

MAKARIBISHO

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema wazee, nasi tumekungoja muda mrefu tukiwa wagonjwa. Karibu bondeni. Kiti ulichokalia kimetoka kwa kinyozi, kitambaa cha meza kimetoka kwa mke wa fundi viatu, na maji ya chupa yaliyo mbele yako mmekuja nayo wenyewe, jambo ambalo kwalo tunawashukuru.

Kabla hatujaenda mbali, tunaomba jambo moja lieleweke. Nakala ya risala iliyo mezani kwako siyo hii tunayoisoma. Ile iliandikwa ofisini kwa niaba yetu, ikapigwa chapa, ikafungwa utepe. Ni risala nzuri. Penye kichwa cha Changamoto imeandikwa kwamba hatuna, na penye Maombi tunaomba kupiga picha na wewe. Tuliisoma tukaulizana wakazi hao wanaishi wapi, ili nasi tuhamie huko.

Jambo la pili. Umeshuka kwenye gari na hakuna aliyekupigia makofi. Tuliona Meya akigeuka kututazama, na mtendaji akitukonyeza. Usidhani hatukufundwa. Makofi tumeyaacha kwa sababu maalumu, na sababu hiyo ndiyo iliyotufanya tukae chini kuandika haya.

Anayesoma mbele yako ni muuza mkaa wa kona ya shule. Tumemchagua kwa kuwa sauti yake haina haja ya kipaza sauti. Hata umeme ukikatika tutaendelea. Atamtaja sana dobi wa mtaa huu, naye dobi ni wifi yake, mke wa marehemu kaka yake. Wanaoyajua mambo ya mawifi watakubali kwamba hapa hakuna upendeleo. Na mshereheshaji anatuonyesha saa yake. Tumeiona, baba, ni saa nzuri. Kaa kidogo.

HISTORIA

Mtaa huu ulijengwa na watu waliojenga mlima. Zile nyumba za juu zenye vibaraza na miti iliyopandwa kwa mstari ziliwekwa tofali moja moja na babu zetu na baba zetu, nao jioni wakateremka kulala huku kwa sababu huku hapakuwa na aliyepataka. Palikuwa na unyevu, palikuwa na mbu, na ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Tulikuwa na visima vyetu vya kuchota kwa kamba. Kisha watu wakaharisha, tukazika, maafisa wa afya wakaja wakavifukia. Hatuwalaumu, walikuwa na haki. Walituahidi mabomba, na mabomba yakaja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yalikuja na mita zake, na stakabadhi zake, na watu wa kusoma mita. Maji ndiyo yaliyobaki nyuma.

Bomba la kona ya shule ndilo linalotangulia. Kabla maji hayajatoka, linakohoa. Zamani aliyelisikia alipiga kelele ili wengine wawahi. Jioni moja kelele hizo zikadhaniwa za mwizi, watu wakatoka na marungu, na fundi viatu wetu, aliyekuwa anakimbia na ndoo mbili mikononi, akapigwa mpaka alipotambuliwa kwa matusi yake. Baada ya hapo tulikubaliana kwamba maji yakija tunapiga makofi. Aliye karibu anaanza, nyumba ya pili inapokea, ya tatu inapokea, hadi mwisho wa mtaa. Mtoto wa hapa anajua kupiga makofi kabla ya kujua kutembea, na ukiyasikia huulizi, unashika ndoo.

Na katika historia hii yumo dobi. Alikuja mtaani bibi harusi, mama mkwe wake akamwonyesha beseni kabla ya kumwonyesha chumba. Sisi wa upande wa mume tulisema hatadumu, mikono yake laini kama ya karani. Akadumu. Mume alipofariki, ua ule ndio uliowasomesha watoto na kumtunza mama mkwe mpaka siku yake ya mwisho. Ni ua wa kawaida tu: sakafu ya saruji yenye mteremko kidogo, mabeseni makubwa, kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na kibanda cha kupigia pasi. Anafua za zahanati, za wapishi, za nyumba za mlimani. Hana kazi nyingine wala hana pengine pa kwenda.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni kwamba tumejua kuyatumia maji. Beseni moja la maji kwa dobi hufanya kazi nne: husuuza nyeupe, hufua za rangi, hudeki sakafu, kisha humwagwa chooni. Kama Mamlaka ina mtaalamu anayeweza kuyapa kazi ya tano, tuko tayari kujifunza.

CHANGAMOTO, AMBAZO OFISI INASEMA HATUNA

Mwaka jana Mamlaka ilituita kwenye mkutano katika ukumbi wa shule. Tulikwenda wote, hata wanaotembea kwa mkongojo, kwa sababu tulisikia neno visima. Ofisa mipango akasimama mbele na ramani. Alieleza vizuri, hatusemi hakueleza. Jiji limekua, chanzo cha zamani kimezidiwa, na wataalamu wamepima huku na huku wakakuta maji mengi na matamu yako chini ya miguu yetu. Vitachimbwa visima vitano, vyote bondeni. Maji yatasukumwa hadi tangi la mlimani, halafu yatateremka. Awamu ya kwanza ni nyumba za mlimani. Awamu ya pili ni sokoni na maofisini. Awamu ya tatu ni sisi, fedha zikipatikana.

Fundi viatu akanyoosha mkono. "Samahani, bwana. Maji yanatoka kwetu, yanapanda mlima, yanatembea mji mzima, halafu ndiyo yanarudi kwetu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi yapewe na nauli."

Watu wakacheka, ofisa naye akacheka, akafunua karatasi nyingine, akafika kwenye malipo. Mkopo umechukuliwa, na mkopo hulipwa. Kila mita itaongezewa tozo ya visima, kiwango kimoja jiji zima, mwenye ndoo na mwenye bwawa la kuogelea sawasawa. Isitoshe, kuna viwanja vitakavyohitajika kwa mitambo. Akatutazama akauliza, "Je, wananchi, mko tayari kuchangia mradi wenu, na kupisha kwa hiari pale patakapohitajika?"

Kila mtu alikuwa anatafuta namna ya kukataa bila kumvunjia mgeni heshima, na maneno ya namna hiyo hayaokotwi upesi. Dobi alikuwa amekaa karibu na dirisha. Ametuambia mara nyingi, nasi tunamwamini, kwamba alikuwa ameshaanza kuinuka ili aseme hapana, na hapana yenyewe imeshafika kwenye meno. Hapo bomba la kona likakohoa, na dobi akapiga makofi.

Hakufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe, kama inavyokwenda miaka yote. Aliyekaa nyuma yake akapokea, mstari ukapokea, ukumbi mzima ukapokea, na kabla ofisa hajafunga mdomo tulikuwa tumeshatoka mbio, viti chini, kila mtu anatafuta ndoo yake. Mle ndani alibaki yeye, ramani yake, na mtendaji wetu. Mtendaji ndiye aliyetuhadithia kwamba ofisa alitabasamu kwa muda mrefu, akaandika katika muhtasari kwamba wananchi waliridhia kwa makofi ya nguvu, na kwamba baadhi walishindwa kuizuia furaha yao wakakimbia kwenda kuwapasha habari majirani. Tulipomuuliza mtendaji kwa nini hakumsahihisha, alisema naye alikuwa anawaza ndoo yake. Maji siku ile yalitoka kidogo, yakakatika kabla nusu yetu hatujafika.

Mwezi uliofuata tozo ikatokea kwenye ankara. Kisha wakaja watu na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama kubwa kwenye ukuta wa dobi. Kisima cha kwanza kitakuwa pale, na ua wote utahitajika.

Hatutaficha kilichofuata. Mtaa ulimgeukia. Kwenye foleni ya bomba alipigwa mafumbo: kuna watu mikono yao miepesi, kuna watu wanashangilia mpaka wanauza nyumba. Alikuwa anayasikia yote. Alikonda. Alimwambia wifi yake, huyu anayesoma, kwamba siku hizi analala ameilalia mikono yake, maana haiamini tena. Dobi huyu huyu, ambaye ulimi wake ulikuwa unatosha kunyoosha mashati bila pasi, alianza kupita njia ya nyuma ili asikutane na watu.

Mwisho akajikaza, akaenda ofisini kwa ofisa mipango. Wifi yake alimsindikiza, kwa hiyo maneno haya yana shahidi.

"Bwana, siku ile mimi nilipigia makofi maji."

"Na mradi ni wa maji, mama. Sasa tatizo liko wapi?"

"Nilipigia bomba lile la kona. Lilikuwa limekohoa."

"Visima navyo vitakuwa na mabomba, mama. Tena yasiyokohoa."

Akauliza habari za fidia. Ofisa akamweleza kwa upole mkubwa kwamba anayepisha kwa hiari halipwi fidia, hupewa barua ya shukrani. Akamfungulia mlango. "Jambo limeshapita, mama yangu. Maji yakimwagika hayazoleki."

Hapo ndipo aibu ilipomtoka. Dobi alirudi kutoka mlangoni, akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Nani kakwambia hayazoleki? Njoo bondeni uone tunavyoyazoa. Mimi nimezoa maji yaliyomwagika maisha yangu yote ya ndoa, na watoto wamekua kwa hayo hayo. Muhtasari wako siuogopi. Uani sitoki."

Alirejea kwetu na hasira, mgeni rasmi, na ile hasira ilitutibu na sisi pia. Aliingia kwenye foleni ya bomba katikati ya waliokuwa wakimsema, akatuuliza sisi tulikuwa tunapiga nini siku ile, matarumbeta? Tulipiga wote. Mikono yote ya bondeni ilihusika, na kuanzia siku hiyo tukasema basi na lawama iwe ya wote, na ua ule uwe wa wote kuulinda.

Wapima ardhi walipokuja kupigilia vigingi aliwapa chai, maana ugomvi hauzuii chai. Akamuuliza mhandisi wao, "Mwanangu, hayo maji yako hapa tu?"

"Hapana, mama. Yako bonde zima."

"Hata nyuma ya ukuta ule?"

"Hata kule. Ni yale yale."

"Sasa kwa nini hapa?"

Mhandisi ni mtu mkweli, Mungu amlinde katika kazi hiyo. Alijikuna kichwa akasema, "Kule kuna magari, mama."

Nyuma ya ukuta ule, mgeni rasmi, ni uwanja wa halmashauri wa kuhifadhia magari mabovu. Hayana injini, hayana viti, kuku wetu wanataga humo na kutotoa. Lakini hayakuhudhuria mkutano wala hayakupiga makofi, kwa hiyo hayahamishwi. Anayehamishwa ni mjane. Tunapolisema hili tunakasirika, na tunaomba usione kwamba ni utovu wa adabu. Tungelisema tukicheka ndipo ungepaswa kutuogopa.

Wapimaji walipoondoka, dobi alifunga kamba kwenye vigingi vyao akaanika. Anakiri ni vigingi imara, na anawapongeza. Nasi tuliacha kulipa tozo. Maji tunayopata tunayalipia, hatudaiwi na mtu, tozo hatulipi. Mamlaka ikatukatia maji ili kutuadhibu, na ilipita wiki nzima kabla hatujajua kwamba tumekatiwa.

MAOMBI

Kichwa hiki tumekibakiza kwa heshima ya ratiba. Hatukuja kuomba.

Magazeti yasije kesho yakaandika kwamba bondeni wanapinga maendeleo. Visima hatuvipingi. Jiji lina kiu, na wa mlimani nao ni watu, wana watoto wa kuogesha na wagonjwa wa kuuguza; wengine ni wateja wetu, wengine ni wakwe zetu. Chimbeni. Lakini bomba linalopanda mlima lipite kwanza kwetu, na lituachie maji likipita. Hakuna hekima ya kumnywesha jirani mpaka atapike huku mwenye kisima amekaukiwa ulimi.

Kuhusu malipo, mkopo ni wa jiji na sisi ni wa jiji, tutalipa. Tutalipa kwa kadiri ya tunachokunywa. Anayejaza bwawa alipe ya bwawa, anayejaza ndoo alipe ya ndoo. Na tulipe maji yakiwa yanatoka. Mstahiki Meya alituambia kwamba kiwango kimoja kwa wote ndiyo usawa. Tumeufikiria usawa huo tukaona kwamba ungekuwa usawa kweli kama na awamu ingekuwa moja kwa wote.

Kisima cha kwanza kichimbwe nyuma ya ukuta. Wauza vyuma chakavu tunao humu humu mtaani. Mkisema neno, yale magari yataondoka kabla jua halijatua, na kuku tutawahamisha wenyewe bila kudai fidia. Muhtasari wa ukumbini ufutwe. Mtuite upya, mtuulize upya, na safari hii tutafunga koki ya bomba la kona kabla kikao hakijaanza, ili mpate jibu lililo safi. Mpaka hayo yafanyike, hatulipi tozo na hatupishi. Tumelisema mbele yako wewe ili asije mtu kukupelekea habari kwamba tuliridhia.

HITIMISHO

Ratiba inasema kwamba baada ya risala hii utasindikizwa kwenda kuweka jiwe la msingi. Jiwe tumeliona, jina lako limechongwa vizuri. Njia ni hii hapa, unapita duka la dawa, unakunja kushoto, hutapotea.

Huenda umejiuliza kwa nini akina mama ni wachache hapa. Wako uani kwa dobi. Kila nyumba imetoa ndoo moja, maji yamebebwa tangu alfajiri kutoka ng'ambo ya barabara kuu, na wamefua kila kinachofulika: sare za shule, mapazia, makoti ya zahanati, mpaka bendera ya timu yetu ya mpira. Kamba zimejaa ukuta hadi ukuta. Hakuna pa kuweka mguu, sembuse jiwe.

Usiku wa kuamkia leo ulilala katika nyumba ya wageni ya jiji. Nguo za nyumba ile hufuliwa na dobi, miaka mingi sasa. Pengine hukuwahi kuambiwa. Mashuka uliyolalia yaliletwa bondeni asubuhi ulipokuwa unakunywa chai. Ameyafua kwa mikono yake mwenyewe, kwa maji ya ndoo zetu, akayaanika kwenye kamba ya mbele kabisa, pale penye alama nyekundu. Yeye amekaa nyuma yake, juu ya beseni alilolifudikiza, akisubiri yakauke.

Ukifika itakubidi uyafunue ili upite. Tunaomba walinzi wasiguse, ni mashuka yako. Ukishamwona, mwamkie kwanza kwa kuwa amekuzidi umri. Kisha muulize wewe mwenyewe, mdomo kwa mdomo, kama yuko tayari kupisha. Sisi tutakuwa nyuma yako tumenyamaza kimya, ili umsikie.

Mungu akujalie koo lisilokauka na sikio lisilochoka. Aibariki mikono iliyofua, na aubariki mkono utakaofunua.

Ni sisi,
wakazi wa mtaa wa bondeni,
tukaao juu ya maji.